Lugha Zinazokaa Pamoja: Ujirani na Kufanana kwa Sarufi



Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Arusha, ukapita Kondoa na Babati, kisha ukakata kushoto kupanda Mbulu na kuteremkia Ziwa Eyasi, utakuwa umepita katika eneo la ajabu sana kwa mtu anayependa lugha. Utapita kwa Warangi, na hatua chache nje ya njia yako wako Wambugwe. Lugha zao ni za Kibantu kama Kiswahili. Utapita kwa Waburunge, Waalagwa, Wagorowa na Wairaqw, wenye lugha za Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Utakutana na Wadatoga, wenye lugha ya Kiniloti, na ng'ombe wao. Magharibi ya Kondoa wapo Wasandawe, na kando ya Eyasi wapo Wahadzabe, ambao lugha zao zina vidoko, yaani konsonanti zinazotamkwa kwa kubandua ulimi ghafla kinywani.

Mwaka 1963 Joseph Greenberg alichapisha kitabu kilichozigawa lugha za Afrika katika makundi makuu manne. Yote manne yanakutana hapa, katikati ya Tanzania. Leo wanaisimu wengi wanashuku kama Kihadza kina undugu na lugha za vidoko za kusini mwa Afrika, ambazo Greenberg aliziweka nacho katika kundi moja, na wengi wanakihesabu kuwa ni lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Shaka hiyo inazidi kulipa eneo hili uzito: hapa watu wa asili mbalimbali kabisa wamepakana, wamebadilishana mifugo na nafaka, wamepigana, wameoana na kulea watoto pamoja kwa karne nyingi.

Swali la mhadhara huu ni hili: lugha zao zimefanyana nini katika muda wote huo? Nina hoja moja. Neno hukopwa hata na watu wasiojuana. Sarufi haihami ila pale watu wanapoishi pamoja, wakasemezana kila siku, na wengi wao wakawa na lugha mbili au tatu vinywani. Kwa hiyo tunapoona lugha mbili zisizo ndugu zimefanana katika mpangilio wa sentensi, tunatazama ushahidi wa ujirani uliodumu vizazi vingi.

Kukopa neno na kukopa mpangilio

Mswahili hakuhitaji kujua Kireno ndipo aseme *meza*, wala hahitaji kujua Kiarabu ndipo aseme *kitabu*. Neno linakuja na kitu, au na dini, au na biashara. Mtu mmoja hulisikia bandarini, kesho yake linasikika sokoni, na baada ya miaka michache watoto hawajui kuwa liliwahi kuwa geni. Tena lugha iliyolipokea hulivalisha sarufi yake: tukasema *vitabu*, kana kwamba *ki-* ya *kitabu* ni kiambishi cha ngeli yetu tangu awali.

Mpangilio wa sentensi hausafiri hivyo. Hakuna mfanyabiashara anayeshusha jahazini namna ya kupanga kitenzi na kisaidizi chake. Ili mpangilio uhame, lazima awepo mtu anayetumia lugha zote mbili mchana na usiku: mama aliyeolewa upande wa pili, mtoto anayesema na bibi kwa lugha moja na wenzake malishoni kwa nyingine. Mtu wa namna hiyo ana mzigo wa kupanga wazo lilelile kwa njia mbili. Polepole, bila kukusudia, anazikaribisha njia hizo. Akiwa peke yake, haonekani. Wakiwa wengi, na watoto wao wakajifunza kutoka kwao, lugha imebadilika.

Wazo kwamba lugha zisizo ndugu wa karibu zinaweza kufanana kwa ujirani lilipewa jina rasmi na Nikolai Trubetzkoy, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wanaisimu uliofanyika Den Haag mwaka 1928. Mfano uliojulikana zaidi ulikuwa wa nchi za Balkani. Kiromania ni ndugu wa Kiitalia. Vyote viwili vimetokana na Kilatini. Lakini Mwitaliano anayemtaja mbwa mwitu anayejulikana husema *il lupo*, kibainishi kikiwa mbele, na Mromania husema *lupul*, kibainishi kikiwa kimebandikwa nyuma. Kialbania na Kibulgaria, majirani zake wasio na undugu wa karibu naye, navyo hubandika nyuma. Katika jambo hili Kiromania kinafuatana na majirani zake kuliko ndugu yake.

Sauti zinazovuka mipaka

Turudi kwetu. Kila mwalimu aliyefundisha Manyara au Arusha amewahi kusoma katika daftari la mahudhurio majina kama Slaa na Tluway. Wengi wetu huyatamka kwa *s* na *t* za Kiswahili, na wenye majina hutuvumilia. Mwiraqw mwenyewe hatamki hivyo. Katika *sl* ya Kiiraqw, ncha ya ulimi hugusa ufizi na kubaki pale, na pumzi hulazimika kupita pembeni mwa ulimi ikikwaruza. Katika *tl*, pumzi hufungwa kwanza, halafu huachiwa kwa mshindo pembeni humohumo.

Konsonanti za aina hii ni adimu Afrika Mashariki. Lakini katika eneo hili zimo katika Kiiraqw na Kigorowa, lugha za Kikushi, na zimo pia katika Kisandawe na Kihadza. Hazihesabiki kuwa urithi wa babu mmoja, kwa kuwa babu huyo hajulikani. Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse walipoandika juu ya Bonde la Ufa la Tanzania mwaka 2008, walizihesabu sauti hizi miongoni mwa alama zinazolifanya eneo hili kuwa ukanda mmoja wa lugha.

Sauti huvuka vipi? Tuna mfano mzuri kutoka kusini. Kizulu na Kixhosa ni lugha za Kibantu, ndugu wa Kiswahili, lakini zina vidoko vinavyoandikwa *c*, *q* na *x*. Vidoko hivyo vilitoka kwa Wakhoikhoi na Wasan, wenyeji wa kale wa nchi ile. Mojawapo ya njia ambazo wanaisimu wamezitaja ni desturi ya *hlonipha*. Mwanamke aliyeolewa hakutakiwa kutamka silabi zilizomo katika jina la baba mkwe wake. Ilimbidi abadilishe sauti ndani ya maneno ya kila siku, na sauti za majirani zilikuwa tayari masikioni mwake. Heshima ya ukweni ikawa mlango wa konsonanti mpya.

Nasi tunao mfano wa pwani ambao hauzungumzwi inavyostahili. Wadahalo wa pwani ya kaskazini ya Kenya, karibu na Lamu na Mto Tana, wana lugha inayohesabiwa kuwa ya Kikushi, na bado ina vidoko katika maneno machache. Ukiondoa kusini mwa bara, lugha zenye vidoko kama konsonanti za kawaida ni tatu tu: Kisandawe, Kihadza na Kidahalo. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba wahenga wa Wadahalo walikuwa na lugha nyingine ya vidoko, wakahamia ya Kikushi, na wakahama na baadhi ya sauti zao. Leo wasemaji wa Kidahalo ni wachache mno, na wengi wao wanasema Kiswahili.

Kitenzi kwanza, kisaidizi baadaye

Sasa niingie katika sarufi yenyewe, na nikae kidogo kwa Warangi.

Katika lugha za Kibantu, kitenzi kisaidizi hutangulia. Tunasema *nilikuwa nikipika*: kwanza *nilikuwa*, chenye nafsi na wakati, halafu kitenzi chenye maana. Hatusemi *nikipika nilikuwa*. Kanuni hii imeenea katika mamia ya lugha za Kibantu, kutoka Kameruni hadi Afrika Kusini.

Kirangi kinaivunja. Mrangi anapotaja jambo la wakati ujao, huanza na kitenzi kikuu katika umbo lisilo na nafsi, kisha huleta kisaidizi kilichobeba nafsi, na mtendwa hufuata nyuma. Ni kana kwamba tungesema *kupika nitakuwa ugali*. Kimbugwe nacho kinafanya hivyo. Cha kuvutia zaidi, Kirangi hakifanyi hivyo kila mahali. Mrangi akiuliza swali la nani au nini, au akitumia kishazi cha urejeshi, mpangilio wa zamani hurudi na kisaidizi hutangulia tena. Mpangilio mpya umekaa katika sentensi ya kawaida, ule wa kale umebaki katika swali na urejeshi, na msemaji mmoja anazo njia zote mbili.

Mpangilio huu ulitoka wapi? Warangi na Wambugwe wamezungukwa na watu wa Kikushi na Kiniloti. Waalagwa wameishi miongoni mwa Warangi kwa muda mrefu, wakaoana nao, na wengi wao wamekuwa wasemaji wa Kirangi. Mtu anayehamia lugha mpya huja na mazoea ya lugha ya kwanza. Hata hivyo Hannah Gibson na Lutz Marten, waliokichunguza Kirangi kwa makini, wanaonyesha kwamba mgusano haukufanya kazi peke yake. Ulikuta mageuzi ya ndani ya Kibantu yakiwa tayari njiani, ukayasukuma. Tena mpangilio unaofanana na huu upo kwa Wakuria na Wagusii, mbali na Kondoa, na hao nao wamepakana na Waniloti. Nadhani hivi ndivyo mgusano unavyofanya kazi mara nyingi: jirani hukuchagulia njia moja kati ya zile ulizokuwa nazo, mpaka ikawa ndiyo kawaida yako.

Kwa nini hawachanganyi kila kitu?

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa watu wanaishi pamoja hivyo, mbona hawaishii kuwa na lugha moja?

Jibu lilitolewa na kijiji kimoja cha India. Kupwar kiko katika jimbo la Maharashtra, karibu na mpaka wa Karnataka. John Gumperz na Robert Wilson walichapisha utafiti wao juu yake mwaka 1971. Kijijini humo kuna Kikannada, ambacho ni cha ukoo wa Kidravidi, na kuna Kimarathi na Kiurdu, ambavyo ni vya ukoo wa Kihindi-Kiulaya. Watafiti hao waligundua kwamba sarufi za lugha hizo, kama zilivyosemwa pale kijijini, zilikuwa zimekaribiana kiasi kwamba sentensi ya lugha moja ungeweza kuihamisha kwenda nyingine kipande kwa kipande, ukibadilisha neno na kuweka neno, bila kugusa mpangilio. Maneno, lakini, yalibaki mbalimbali. Ndiyo yaliyomtambulisha Mjaini, Mwislamu au mtu wa tabaka fulani nyumbani kwake. Sarufi ilikaribiana kwa sababu watu walifanya kazi pamoja. Msamiati ulitengwa kwa sababu kila mmoja alitaka kubaki alivyo.

Wambugu wa milima ya Usambara, Lushoto, wanatufundisha jambo lilelile. Wana namna mbili za kusema. Ya kwanza, Kimbugu cha kawaida, iko karibu sana na Kipare. Ya pili, inayoitwa Ma'a, inatumia sarufi ileile ya Kibantu, ngeli na viambishi vyote, lakini maneno yake mengi ya msingi si ya Kibantu. Mengi ni ya Kikushi. Maarten Mous aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 2003. Wambugu walikwisha kupokea sarufi ya majirani. Kwa maneno ya Ma'a wanasema: sisi bado ni sisi.

Ukiyaweka Kupwar na Lushoto pamoja, picha inakamilika. Katika kila jamii ya mpakani kuna nguvu mbili: haja ya kuelewana na haja ya kujulikana. Ya kwanza huvuta sarufi, kwa kuwa mpangilio hausikiki sana masikioni. Ya pili hushika maneno, kwa kuwa neno husikika mara moja.

Hadhari

Lazima niweke hadhari hapa, maana nadharia hii huwapoteza wengi. Si kila kufanana ni ujirani. Lugha mbili zinaweza kufanana kwa udugu, kwa bahati, au kwa sababu akili za binadamu hupita njia zilezile.

Chukua kiambishi chetu cha wakati ujao, *-ta-*. Kimetokana na kitenzi *taka*. Ushahidi tunao katika urejeshi: husema *atakuja*, lakini *atakayekuja*, na hapo *-taka-* inajitokeza nzima. Kigiriki, Kiromania na Kibulgaria navyo vimejenga wakati ujao kutokana na kitenzi cha kutaka. Kati ya hizo tatu, zilizopakana, ujirani ni maelezo mazuri. Kati yao na Kiswahili hakuna ujirani wowote. Binadamu popote alipo, akisema anataka kufanya jambo, yu karibu kusema atalifanya.

Kwa hiyo mtafiti ana kazi tatu kabla hajasema kuwa mpangilio umetoka kwa jirani. Aulize kama ndugu wa lugha hiyo walio mbali wanao. Aulize kama majirani wasio ndugu wanao. Na aonyeshe kwamba watu hao kweli waliishi pamoja na kusema lugha za wenzao. Asipokuwa na la tatu, hajathibitisha kitu.

Kiswahili katikati ya majirani

Mambo haya yanaendelea leo katika Kiswahili chenyewe, na tunayasikia bila kuyapa heshima yake.

Nairobi na magharibi ya Kenya utasikia: *yeye hukujanga hapa*, au *anaendanga huko kila Jumapili*. Bukavu au Lubumbashi utasikia *anaendaka*. Mwalimu wa Kiswahili hupiga mstari mwekundu chini ya yote mawili. Tutazame kilichomo. Lugha nyingi za Kibantu zina kiambishi tamati cha mazoea, ambacho wanaisimu hukiandika *-ag-* wanapotaja umbo la kale. Kikuyu kina *-aga*. Lugha za Waluhya zina *-anga*. Kilingala kina *-aka*: *nasalaka*, mimi hufanya kazi. Kiswahili sanifu, kilichowekewa misingi juu ya Kiunguja na kuanza kusimamiwa na Kamati ya Lugha mwaka 1930, hakina kiambishi hicho; mazoea tunayasema kwa *hu-*. Wasemaji wa Kenya na Kongo, wakiwa na lugha nyingine nyumbani, wamekirudisha katika Kiswahili, kila upande kwa umbo la jirani yake. Kilichopotea pwani kimerudi kwa njia ya bara.

Huko Kongo pia husemwa *katoto* na *tutoto*, kwa ngeli ya udogo ya lugha za huko, mahali ambapo sisi tungesema *kitoto* na *vitoto*. Na *batoto* badala ya *watoto*. Kinachotokea kwa Kiswahili cha Lubumbashi kina asili moja na kilichotokea kwa Kirangi cha Kondoa. Tofauti ni kwamba kimoja tunakiita historia na kingine tunakiita kosa.

Sisemi mwalimu aache kufundisha Kiswahili sanifu. Mtihani unakitaka, ofisi inakitaka, na lugha ya watu wengi inahitaji kiwango. Ninachoomba ni kwamba mtoto anaposema *anaendanga*, aambiwe kuwa hiyo ni sarufi ya lugha ya nyumbani kwao iliyoingia hapa, na kwamba sanifu husema *huenda*. Maelezo ni ya dakika moja. Mtoto anatoka na Kiswahili sanifu, na hatoki na aibu.

Ujirani wa upande mmoja

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Kufanana ninakokuzungumzia kulihitaji watu wajifunze lugha za wenzao kwa pande mbili. Sasa hivi mkondo umegeuka. Mrangi na Mwiraqw wakikutana Babati husemezana Kiswahili, na ni haki yao. Kiswahili kimetupa umoja ambao mataifa mengi hayana. Lakini matokeo yake ni kwamba Mrangi kijana hahitaji tena kujua Kigorowa, wala Mgorowa Kirangi. Lugha hizi zote sasa zinaelekea kufanana na Kiswahili, badala ya kufananiana. Viunganishi vyetu, *lakini*, *kama*, *mpaka*, *kwa sababu*, vimeenea katika lugha nyingi za nchi, na vijana wengi huhesabu kwa Kiswahili pekee. Kwenye Ziwa Victoria, katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, Wasuba walifika mbali zaidi: wengi wao waliacha lugha yao ya Kibantu, wakawa wasemaji wa Kijaluo.

Sitaki kulaumu watu kwa lugha wanayochagua kusema na watoto wao. Nataka tuone kinachopotea. Kamusi ya Kirangi itahifadhi maneno ya Kirangi. Sarufi ya Kiiraqw itahifadhi kanuni za Kiiraqw. Lakini mzee wa mpakani anayesema Kirangi na mkewe, Kialagwa na shemeji zake na Kiswahili serikalini, hana kitabu chake. Yeye ndiye anayejua lugha hizi zilikaribiana vipi, kwa sababu ukaribu huo unatokea kinywani mwake. Utafiti wetu umezoea kumtafuta msemaji wa lugha moja safi, na mtu huyu tumempita njiani.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa isimu waliomo humu: mtakapochagua mada za tasnifu zenu, nendeni mahali ambapo lugha mbili zinapakana. Kaeni na watu wanaozisema zote mbili. Rekodini mazungumzo yao kabla ya kuwapa orodha ya maneno watafsiri, na muwaulize walioana na nani, walichunga na nani, na walijifunza lugha ya pili kwa nani. Na ninyi mliokwisha kupata shahada, wapokeeni wanafunzi hao na mada hizo hata kama haziingii vizuri katika sehemu moja ya idara. Wazee hao bado wapo, Kondoa na Babati, na wanakaribisha wageni.